Bastola za 'Mjerumani': Soma chapa kabla ya kufungua pochi
Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MNUNUZI wa mpunga mkoani Katavi hachukui gunia kabla ya kupenyeza bambo na kuona kilichomo ndani. Mnunuzi wa dhahabu naye hapokei punje bila kuipima. Lakini mtu huyo huyo akiletewa bastola kuukuu iliyofungwa katika kitambaa, akaambiwa ni 'mali ya Mjerumani', mara nyingi husahau vipimo vyote na kuanza kuulizia bei.

Hadithi za mali ya Mjerumani ni za siku nyingi katika mikoa ya magharibi. Zinapata nguvu kutokana na habari za minada ya ng'ambo. Mwezi Machi 2010, kwa mfano, bastola moja aina ya Luger ya kaliba .45 iliuzwa nchini Marekani kwa karibu dola 500,000. Wanaosimulia habari hiyo husahau kutaja kwamba bastola ile ilikuwa miongoni mwa chache zilizotengenezwa kwa majaribio ya jeshi la Marekani mwaka 1907. Thamani yake ilitokana na uchache huo na kumbukumbu zake, si uzee wake.

Kabla ya yote, mfanyabiashara ajue kwamba uzee wa bastola si kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni. Anayekamatwa na silaha isiyo na kibali anaweza kufikishwa mahakamani kwa kesi ya uhujumu uchumi. Kwa hiyo anayenunua bastola kichochoroni anaweza kupoteza fedha, mzigo na uhuru wake kwa siku moja.

Hata hivyo, elimu ya kusoma chapa ina faida. Humsaidia aliyerithi kifaa cha babu kujua alichonacho kabla ya kukisalimisha, na humwezesha mtu yeyote kumtambua tapeli mapema.

MWAKA HAUDANGANYI

Bastola ya Kijerumani inayotajwa zaidi ni P08, ambayo wengi huiita Luger. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea mwaka 1908. Kuanzia 1910 zile za jeshi zilipigwa chapa ya mwaka juu ya chemba. Kiwanda cha DWM cha Berlin kiliweka herufi zake zilizosukwa pamoja, na kiwanda cha serikali cha Erfurt kiliweka taji na jina la mji huo. Erfurt ilianza kuzitengeneza mwaka 1911, hivyo ukiona taji la Erfurt na mwaka 1909, huhitaji kuendelea na mazungumzo.

Hapo ndipo historia ya vita inapomsaidia mnunuzi. Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walifunga njia za bahari. Meli mbili tu za Kijerumani zilifanikiwa kupenya na kuleta silaha: Rubens, iliyofika pwani ya Tanga mwaka 1915, na Marie, iliyofika Sudi karibu na Lindi mwezi Machi 1916. Baada ya hapo hakuna shehena nyingine iliyofika. Ndege kubwa ya gesi, L59, ilitumwa Novemba 1917 lakini ikageuzwa njiani ikiwa juu ya Sudan.

Kwa hiyo bastola yenye mwaka 1917 au 1918 inaweza kuwa halali kabisa kama P08, lakini haikuachwa hapa na askari wa Von Lettow-Vorbeck. Imefika baadaye kwa njia nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa Mauser C96 yenye tarakimu 9 nyekundu kwenye mpini. Tarakimu ile iliwekwa kwa bastola za oda ya jeshi ya mwaka 1916, ili askari wasichanganye risasi za milimita 9 na zile za 7.63.

Aidha, bastola yenye tai aliyeshika msalaba wa Kinazi, au yenye herufi 'byf', ni ya enzi za Hitler. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza.

NAMBA LAZIMA ZIPATANE

Katika P08, namba ya mfululizo haizidi tarakimu nne, na mara nyingi hufuatwa na herufi ndogo. Namba hiyo huwekwa sehemu kubwa za bastola, na tarakimu zake mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo. Vipande vikiwa na namba tofauti, bastola imeunganishwa kutoka nyingine mbili au tatu. Wakusanyaji wa ng'ambo huishusha bei mara moja.

Chapa yenyewe pia ichunguzwe. Iliyopigwa kiwandani huwa na kina kinacholingana, na kutu ya miaka mingi huwa imeingia ndani ya herufi sawa na ilivyoenea kwenye chuma cha jirani. Iliyopigwa juzi huonyesha chuma king'avu ndani, na kingo zake zimeinuka na kukwaruza kidole. Mahali palipopigwa msasa ili kufuta namba ya zamani hubonyea kidogo, na pembe za chuma huwa zimelainika.

Herufi zinazotafutwa zaidi kwa upande wetu ni 'Sch. D.O.A.', yaani jeshi la ulinzi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa kuwa ndizo zinazopandisha bei, ndizo tapeli atakazozipiga kwanza. Zisomwe mwisho, baada ya mwaka, namba na kutu kukubaliana.

SI KILA KITU NI CHA MJERUMANI

Ziwa Tanganyika limepitisha silaha za mataifa mengi. Ngome ya Karema ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huo. Silaha za Ubelgiji hutambulika kwa herufi ELG ndani ya duara refu, chapa ya ukaguzi ya mji wa Liège. Kuanzia 1893 duara hilo liliwekewa taji juu yake. Silaha za jeshi la Mwingereza huwa na alama ya mshale mpana, na rivolva ya Webley Mark VI ilianza kutumika 1915.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wengi wao walibeba bunduki za Kireno na za Kiingereza walizoteka vitani. Chapa humtaja mtengenezaji, wala haimtaji mtu wa mwisho aliyeishika silaha.

Bastola yenye nyota kwenye mpini ni jamii ya Tokarev ya Urusi, iliyoigwa pia China. Aina hiyo ilianza miaka ya 1930. Anayekuuzia kama kumbukumbu ya Mjerumani anaweza kuwa anakuuzia silaha iliyotumika katika uhalifu wa karibuni, na swali la ilikotoka utaulizwa wewe.

Muuzaji akidai imefukuliwa chini ya 'boma la Mjerumani' mjini Mpanda, akumbushwe kuwa mji huu ulikua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira na reli iliyofika mwaka 1950. Boma la Mjerumani la upande huu wa ziwa lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, mkoani Rukwa.

USHAURI KWA WASOMAJI

Anayekuta silaha ya zamani shambani, mgodini au katika sanduku la marehemu asiisafishe kwa msasa wala kujaribu kuifyatua. Risasi ya miaka 100 inaweza kulipuka vibaya. Asiibebe kwenye basi kwenda kutafuta mteja. Amweleze mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi ili wao waifuate, na aombe maandishi ya makabidhiano yanayotaja chapa na namba zote. Kifaa kikionekana kuwa na thamani ya historia, maandishi hayo ndiyo yatakayoiwezesha Makumbusho ya Taifa kukifuatilia.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, hesabu ni fupi. Bastola bandia haina bei popote, na ya kweli haina soko halali kichochoroni. Fedha hiyo ikabaki kwenye mpunga, bambo litaonyesha kilichomo.