Kuuguza Pua Iliyopasuliwa Ugenini

Mpwa wangu alipotoka hospitalini hapa Uingereza, jioni ya siku ileile aliyopasuliwa pua, alikuwa amefungwa kitambaa cheupe chini ya matundu, mfano wa masharubu, kikilowa damu kidogo kidogo, na mkononi ana karatasi ya maagizo ambayo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yangali mazito kwa nusukaputi, hakuweza kuisoma. Niliisoma mimi, nikamuuguza siku saba, na haya niyaandikayo yametokana na karatasi ile na siku zile.

Maradhi yake yalikuwa ya kawaida: ukuta unaotenga matundu mawili ya pua, ambao mbele ni gegedu na nyuma ni mfupa, ulikuwa umepinda, na tundu moja likawa halipitishi pumzi. Daktari huingia kwa ndani ya tundu akaunyoosha, kazi ya saa moja hivi, na kwa kuwa hapana jeraha la nje, jamaa humtazama mgonjwa usoni wakastaajabu kwa nini amepewa ruhusa ya wiki mbili asiende kazini. Hawajui kwamba ndani utando wote umevimba, na pengine vimeshonwa vibao laini vya plastiki vya kuushika ukuta, ambavyo hutolewa baada ya wiki moja hivi. Hata aliyekwenda kupasuliwa ili apumue hujiona ameziba kuliko alivyokuwa kabla. Hali hiyo, mfano wa mafua makali, aghalabu hudumu siku kumi hadi kumi na nne, na ni vema mgonjwa aijue mapema asije akavunjika moyo.

Usiku wa kwanza ndio mzito. Mtu hulala kinywa wazi, koo likamkauka hata ulimi ukagandamana na kaakaa, kwa hiyo bilauri ya maji isiwe mbali na kitanda, na kichwa kiinuliwe kwa mito miwili au mitatu ili uvimbe upungue. Asipenge kamasi kabisa mpaka daktari amruhusu, na chafya ikimjia aipige kinywa wazi, maana nguvu yake ikizuiwa kinywani hupita puani ikafumua kidonda kibichi. Dawa ya maumivu iwe ile aliyoandikiwa. Aspirini asiimeze kwa hiari yake, kwani huzuia damu kuganda.

Kisha, kwa wakati aliotajiwa na daktari, huanza kuosha pua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku: kijiko cha chai cha chumvi, na kimoja cha bikaboneti ya soda, ile tuitiayo katika maandazi, katika maji ya nusu lita na ushei yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai. Vigaga vya damu vitalainika na kutoka vyenyewe. Asivichokoe kwa kidole. Waislamu waliniuliza habari ya kutawadha: kupandisha maji puani, kwa madhehebu ya Shafi yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, ni sunna wala si faradhi, na asiyeweza kuinama kusujudu kwa kuchelea damu ana ruhusa ya kusali ameketi, akaashiria. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake.

Siku ya tatu walikuja wageni kumjulia hali, wakamfukizia nyumba kwa udi kama ilivyo ada yetu, na haikupita robo saa ila alipiga chafya tatu, muhina ukamwagika juu ya shuka. Sikuwalaumu, kwa kuwa walitenda kwa mapenzi. Lakini moshi wa udi, ubani na sigara, na mgeni mwenye mafua, ni vitu vya kuepushwa na pua hiyo wiki mbili za mwanzo, na sufuria ya uji wa vuguvugu iliyoachwa mlangoni ingemfaa zaidi. Tulimketisha, akainama mbele, si kwa kuelekeza kichwa nyuma kama tulivyofundishwa utotoni, maana hivyo damu humezwa. Akabana sehemu laini ya pua dakika kumi na tano mfululizo bila kuchungulia, damu ikakoma. Kama isingekoma, ningepiga simu 999 bila kungoja.

Liko jambo moja ambalo halistahimili kungoja miadi. Pua ikizidi kuziba pande zote mbili baada ya kuanza kufunguka, na maumivu yakapanda, tena pamoja na homa, huenda damu imejikusanya baina ya gegedu na utando wake. Na gegedu haina mishipa yake ya damu, riziki yake yote hutoka katika utando huo, basi ikitengwa nao hufa, na pua ikabonyea maisha. Arudishwe hospitalini siku hiyohiyo. Mambo ya kubeba mizigo, ya mazoezi, na ya kupanda ndege kwenda nyumbani, amuulize aliyempasua.

Hospitali za hapa hazimtoi mtu aliyelazwa kwa nusukaputi siku hiyohiyo isipokuwa ana mtu mzima wa kumchukua na kukaa naye saa ishirini na nne. Nawajua wenzetu, wakazi wa chumba kimoja cha kupanga, walioahirisha kupasuliwa si kwa hofu ya kisu bali kwa kukosa mtu huyo, na hilo linaniuma, ilhali tuko wengi katika mji huu. Ewe msomaji, ukiwa na nafasi ya usiku mmoja, mpe katibu wa jumuiya yetu ya hapa mjini jina lako na nambari ya simu.