Rubani Alale Wapi?

Mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, alfajiri akielekea Diani huwa na macho mekundu, na hakuna anayemshangaa. Amekesha angani takriban muda wa saa tisa kutoka Frankfurt. Waliomleta nao wamekesha, lakini habari za usingizi wao hatuziulizi, ingawa wao ndio waliokabidhiwa roho za watu. Kwale inazitegemea sana ndege hizi za usiku, kuanzia mhudumu wa hoteli ya Diani hadi mvuvi wa Msambweni ambaye samaki wake huishia jikoni mwa hoteli hizo. Hata hivyo, uchovu wa rubani tunauogopa mahali pasipostahili. Abiria huingiwa na hofu akiambiwa ndege itakaa angani muda wa saa kumi na tano, na kumbe huko rubani ana kitanda na mwenzake wa kumpokea. Safari ya kutiliwa shaka ni ile ya masafa ya kati, ya usiku kucha, yenye marubani wawili na isiyo na kitanda.

Kenya Airways ilipoanza kwenda New York bila kutua njiani, tarehe 28 Oktoba 2018, ilipanga marubani wanne katika ndege moja ya Boeing 787. Safari hiyo huchukua muda wa saa 14 au 15, kutegemea upepo. Katika ndege za aina hii, karibu na chumba cha marubani kuna mlango mdogo ambao abiria wengi hudhani ni wa kabati. Ukifunguliwa, ngazi fupi inapanda hadi kijichumba cha darini chenye vitanda viwili. Wahudumu nao wana vitanda vyao upande wa mkiani. Ndege ikishatulia juu, marubani wawili hubaki kazini na wawili hupanda kulala, kisha hupokezana, hata kila jozi ikaweza kupata saa tano au sita za mapumziko. Kwa mashirika yao, Wamarekani wameliandika jambo hili katika kanuni zinazotumika tangu Januari 2014: marubani watatu wasizidi saa 13 za kuruka, wanne wasizidi 17, na atakayetua awe amepewa nafasi ya kulala saa mbili mfululizo katika nusu ya pili ya zamu yake. Kanuni hizo zilitokana na damu. Februari 2009 ndege ndogo ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na uchunguzi ukafichua marubani waliofika kazini bila kulala vya kutosha.

Usingizi wa darini si kama wa nyumbani. Ndege inatikisika, kelele haikomi, na hewa ya ndani ni nyembamba kama ya mlimani, futi 6,000 hivi kwa Boeing 787 na karibu 8,000 kwa ndege za zamani. Lakini hakuna kinachoushinda. Kahawa huahirisha deni la usingizi bila kulilipa. Mwili una saa yake, nayo huzama zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata kwa mtu aliyezoea kukesha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Rubani aliyeamka asubuhi kwao Ulaya, akashindwa kulala mchana, akapaa jioni, anaweza kufika anga ya Kenya akiwa amevuka kiwango hicho.

Kanuni za Ulaya zinazotumika tangu 2016 zinawaruhusu marubani wawili wanaoanza zamu jioni kukaa kazini hadi saa 11. Saa tisa za kuruka pamoja na saa moja ya matayarisho ni kumi. Kwa hesabu hiyo, safari ya usiku ya kuja Mombasa inaweza kuendeshwa na watu wawili tu, na sheria isivunjwe. Ndivyo ilivyo pia kwa safari fupi zaidi za usiku kati ya Afrika Mashariki na Ghuba, wanakopita wengi wa watu wetu wanaokwenda kutafuta kazi.

Matukio yanaunga mkono wasiwasi huu. Januari 2024, ndege ya Batik Air iliyokuwa ikitoka Kendari kwenda Jakarta, safari isiyofika hata saa tatu, ilikaa dakika 28 bila kujibu wito wa waongoza ndege. Kapteni alikuwa amelala kwa makubaliano, na msaidizi wake, baba wa mapacha wachanga, akapitiwa na usingizi. Abiria 153 walifika salama. Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum ilipita juu ya uwanja wa Addis Ababa bila kuanza kushuka. Iliripotiwa kuwa marubani wote wawili walisinzia, na shirika likawasimamisha kazi kupisha uchunguzi. Mkosoaji atasema safari fupi ni nyingi kuliko ndefu, kwa hiyo haishangazi visa kuwa vingi huko. Ana haki. Visa hivi havithibitishi kuwa safari fupi ni hatari kuliko ndefu. Vinathibitisha tu kuwa ufupi wa safari si kinga.

Ipo tiba ya muda kwa ndege isiyo na kitanda, nayo ni kulala kitini kwa mpango. Utafiti wa NASA uliochapishwa 1994 uliwapa marubani wa safari za Bahari ya Pasifiki nafasi ya dakika 40, mmoja baada ya mwingine. Walilala wastani wa dakika 26, wakaamka wepesi kuliko wenzao walionyimwa. Ulaya na Kanada zinakubali utaratibu huo kwa masharti, kama vile mhudumu kujulishwa ili awapigie simu kila baada ya muda. Marekani mpaka leo inaukataa. Wanaoupinga hutaja Mangalore, India, Mei 2010, ambako kapteni aliyekuwa ameamka karibuni kutoka usingizi mzito kitini alikosea kutua, wakafa watu 158. Lakini usingizi ule haukuwa wa mpango. Alikoroma zaidi ya saa nzima, akashika kazi angali katika mang'amung'amu. Utaratibu unaofuatwa humwamsha mtu mapema, kabla ndege haijaanza kushuka, ili akili imrudie.

Dhidi ya kitanda chenyewe, wengine hutaja ndege ya Air France 447, iliyotumbukia Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 dakika chache baada ya kapteni kwenda kupumzika, wakaangamia watu 228. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ilitaja vipima mwendo vilivyoganda barafu na marubani wasiofunzwa kukabili hali hiyo. Vilevile ilibaini kuwa kapteni aliondoka bila kutamka wazi nani anashika nafasi yake. Huo ni upungufu katika makabidhiano ya zamu, na dawa yake si kumnyima kapteni kitanda.

Tiba ya kudumu ni kumwongeza rubani wa tatu katika safari hizi za usiku, na pingamizi zito dhidi yake ni gharama. Rubani wa tatu anataka mshahara, tiketi itapanda, na Diani inashindana na Zanzibar kwa mgeni yuleyule. Sina jibu jepesi, ila tumeshawahi kulikubali jambo hili barabarani. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane ndani ya saa 24, na abiria wa basi la usiku la Nairobi haoni ajabu kumkuta dereva wa pili. Basi lenyewe linaweza kusimama Voi au Mtito Andei dereva akanawa uso. Ndege haina pa kuegesha.

Kanuni za Ulaya zinadai pia rubani aliye mbali na kwao apumzike angalau saa kumi kabla ya kuruka tena, na ndani yake apate nafasi ya kulala saa nane. Usingizi huo huenda ukalaliwa mchana katika hoteli ya pwani yetu, kwa hiyo wenye hoteli, wapeni marubani vyumba vya mbali na bwawa la kuogelea na ngoma za wageni. Nawe unayekata tiketi ya ndege ya usiku, uliza shirika lako: marubani ni wangapi, na watalala wapi?