Kabla ya kununua ordinateri, tuulizane kwanza



Mwezi uliopita, baada ya kufunga sanduku la akiba, mwenzetu mmoja alibaki ameketi wakati wengine walikuwa wanarudi nyumbani. Tulimuuliza kama kuna shida. Akasema: “Nina dola 300. Nataka kununua ordinateri kwa ajili ya biashara. Nisaidieni kuchagua, kwa sababu zikipotea hizi, sina zingine.”

Wengi wenu mnamfahamu. Anauza maharagi, unga wa muhogo na mafuta ya mawese. Alifika huku Butembo katikati ya mwaka 2024, wakati vita vilipofika Kanyabayonga na familia nyingi zikakimbia kuelekea Lubero na kwetu. Alibeba watoto na sufuria mbili. Kaye ya madeni ilibaki ndani ya kabati la butike. Mlikuwa majina ya watu zaidi ya arobaini waliochukua bidhaa kwa mkopo. Baadhi ya watu hao nao wako huku. Anakutana nao njiani, wanasalimiana vizuri, lakini hakumbuki tena nani alikuwa na deni gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye daftari alikuwa nalo. Lililopotea ni daftari lenyewe.

Basi tulienda naye kutafuta. Tulizunguka siku mbili, tukauliza, tukakataa, tukarudi. Tunawaandikia tuliyoyaona, kwa sababu wengi wenu mmetuuliza swali lile lile.

Je, unaihitaji kweli?

Tuanze na swali ambalo muuzaji hatakuuliza. Mama mwenye meza moja sokoni, anayeuza kwa pesa taslimu na kuhesabu kila jioni, anaweza kuendelea na kaye na simu yake. Ordinateri haitamwongezea faida, itamla mtaji tu.

Lakini ukiwa na bidhaa fasi mbili, ukiwa na wadeni wengi, ukiandika faktire kwa shule au kwa hoteli, au ukitaka kwenda kuomba mkopo na kuonyesha hesabu ya miezi kumi na miwili, hapo ordinateri inakuwa chombo cha kazi kama mizani. Mwenzetu ana depo mbili na wateja wa mkopo. Tulikubaliana kwamba anaihitaji.

Sheria yetu ya pili: usinunue kwa pesa ya kununulia bidhaa. Kama rafu itabaki tupu kwa sababu ya ordinateri, subiri zamu nyingine ya akiba.

Mpya iliyo dhaifu, au ya zamani yenye nguvu?

Mwaka jana mmoja wetu alinunua ordinateri mpya kabisa, bado ndani ya karatasi yake, kwa bei ndogo. Ilikuwa nzuri kwa macho. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa GB 32 tu, na Windows peke yake ilikuwa imekula zaidi ya nusu. Baada ya miezi mitatu ilijaa, ikawa inachukua dakika nzima kufungua ukurasa mmoja wa hesabu. Alimpa mtoto aangalie filamu. Pesa ya akiba ya mwaka iliishia pale.

Kwa hiyo tunawaambia wazi: kwa dola 200 hadi 300, sisi tunachagua ordinateri iliyotumika maofisini kuliko mpya ya bei rahisi. Zile za maofisini, kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku. Bawaba zake ni imara, na nyingi zinafunguka kwa bisibisi ili fundi abadilishe betri au aongeze memori. Mashini za namna hii zikitolewa na makampuni ya ng’ambo huuzwa tena, na nyingi zinatufikia kutoka Kampala kwa njia ya Kasindi.

Mambo matatu ya kusoma

Muuzaji atakuambia “hii ni i5” kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. Omba uone namba nzima. Mfano, i5-8250U: tarakimu 8 baada ya kistari inaonyesha kizazi cha nane. Namba hiyo ni muhimu kwa sababu Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashini za Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane au zaidi. Mashini ya kizazi cha nne au cha sita bado inawaka, ndiyo maana bei yake ni ya chini. Ukiichukua, ujue ulichochukua. Fundi anaweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure.

La pili ni memori, ile wanayoita RAM. Tafuta GB 8. Ikiwa na GB 4, uliza kama inaweza kuongezwa, na bei yake itoe kwenye bei ya mashini.

La tatu ni disiki. Kuna ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani, na kuna SSD isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Chagua SSD, hata kama ni GB 256 tu. Inawaka haraka. Tena, barabara zetu mnazijua: ukibeba mgongoni juu ya pikipiki mashini yenye disiki inayozunguka, bila kuizima vizuri, mashimo ya njia yanaweza kuiharibu pamoja na hesabu zako zote.

Klavie ya Kampala, prizi ya Butembo

Hapa wengi wetu tunashtukia tukiwa tumeshafika nyumbani. Watoto wetu shuleni wanafundishwa klavie ya Kifaransa, ile inayoanza na A-Z-E-R-T-Y. Mashini zinazopita Uganda nyingi zina klavie ya Kiingereza, Q-W-E-R-T-Y. Fundi anaweza kubadilisha lugha ndani ya mashini, lakini herufi zilizoandikwa juu ya vitufe hazibadiliki. Unabonyeza Q, inatoka A. Kuna vibandiko vya herufi vya kubandika juu, au unazoea tu. Angalia pia kama upande wa kulia kuna fungu la namba peke yake. Kwa mama anayeingiza bei siku nzima, fungu hilo linaokoa wakati mwingi.

Chaja nayo ina mambo yake. Ya Uganda ina meno matatu bapa, na prizi zetu ni za mashimo ya mviringo. Utahitaji adapta. Soma maandishi madogo juu ya chaja: iandikwe 100–240V. Ishike baada ya nusu saa. Ikiwa inachoma mkono au inatoa harufu, omba nyingine.

Umeme wa nyumbani uhesabiwe

Nyumba nyingi zetu zinaishi na sola, na wamama wanauliza kama ordinateri itaimaliza. Tufanye hesabu. Ordinateri ya kubeba, ukiwa unaandika tu, inatumia karibu wati 15 hadi 25. Saa tatu za kazi ni kama wati-saa 75. Betri ya volti 12 ya Ah 100 inashika wati-saa 1200. Betri ya kawaida ya asidi isishushwe zaidi ya nusu, basi hesabu 600. Taa na simu bado zina nafasi yake. Ordinateri ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula mara nne au tano zaidi, ndiyo maana hatukuitazama hata kidogo.

Betri ya ndani ya mashini ndiyo inayochoka mapema. Kuna njia ya kuijua. Katika Windows, fungua kidirisha kinachoitwa cmd, andika powercfg /batteryreport, na mashini itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Ndani mna namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na uwezo wake wa leo. Mashini ya kwanza tuliyopenda ilikuwa imebaki na 41 kwa 100. Muuzaji alisema betri ni “kama mpya”. Tulimwonyesha namba, akanyamaza, nasi tukaondoka kwa amani.

Dukani, usione haya

Nenda na mtu mwingine, na nenda asubuhi. Mama akiwa peke yake jioni anaharakishwa. Fanya haya mbele ya muuzaji:

Izime, uiwashe tena. Mara tu inapoanza, bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache.

Muombe aifute na kuianzisha tangu mwanzo, ikiwa na intaneti ya simu yako. Ikileta jina la kampuni na kutaka barua pepe ya mfanyakazi wake, maana yake mwenye zamani bado anaishika kwa mbali. Iache hiyo pia.

Andika kwa kila kitufe, ukianza na namba. Chomeka flashi katika kila tundu. Piga picha kwa kamera, cheza wimbo mmoja. Fungua na kufunga kioo mara tano, usikilize bawaba. Chomoa chaja na ukae nusu saa ukizungumza bei.

Mwisho, omba faktire yenye jina la duka, tarehe, siku za garanti na namba ya siri ya mashini, ile iliyoandikwa chini yake. Siku ukiulizwa barabarani ilitoka wapi, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea. Muuzaji asiyekubali kuandika namba hiyo, usimpe pesa.

Tulichokichagua

Siku ya pili tulipata ThinkPad T480, kizazi cha nane, memori GB 8, SSD ya GB 256, betri ikiwa na 78 kwa 100. Klavie ni ya Kiingereza. Walianza kwa dola 320. Mwenzetu ni mtu wa soko, hakuhitaji msaada wetu kwa sehemu hiyo: aliimaliza kwa 255, pamoja na chaja. Pesa iliyobaki ilinunua adapta, begi la kawaida lisiloita macho ya wezi, vibandiko vya herufi na flashi mbili. Kilichosalia alikirudisha kwenye maharagi.

Hakununua programu ya hesabu. Tulimwekea LibreOffice, ambayo ni ya bure na ina Kifaransa. Binti yake wa miaka kumi na sita alimtengenezea ukurasa wenye safu sita: tarehe, jina, bidhaa, bei, alicholipa, deni lililobaki. Safu ya mwisho inajihesabu yenyewe. Faili limewekewe neno la siri, kwa sababu majina ya wadeni ni siri ya watu. Watoto wana mlango wao katika mashini ile ile, na flashi za filamu za majirani haziingii kamwe, maana ndizo zinazoleta virusi.

Kila Jumamosi jioni ananakili faili hilo kwenye flashi zote mbili. Moja inakaa kwa dada yake Beni, na wanabadilishana kila anapopata mtu wa kumwamini anayesafiri. Ya pili inakaa kwake. Hatupendi kuandika maneno haya, lakini tunaishi tunapoishi: ikitokea siku ya kukimbia tena, ordinateri inaweza kubaki. Flashi ni ndogo kuliko kidole, itaingia katika fundo la kitenge.

Wiki iliyopita tulimkuta depoti anaandika majina ya zamani, yale anayoyakumbuka. Amefika kumi na tisa. Pembeni ya wengi ameacha nafasi tupu, kwa kuwa deni halijui. Tukiwa pale aliingia baba mmoja fundi cherehani, naye wa Kanyabayonga, kununua unga. Alitazama kioo, akaliona jina lake. Akasema: “Mama, mimi ilikuwa franka elfu thelathini na tano. Andika.” Akaandika. Siku hiyo alilipa elfu tano.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano wa akiba, tutabaki saa moja kwa ajili ya jambo hili. Mwenye ordinateri aje nayo, hata kama imelala. Anayetaka kununua aje na kaye yake ya mwezi mmoja, tuone pamoja kama wakati umefika. Wasichana wanaojua klavie nao tunawaomba waje, mama zao wana maswali.

Kamati yenu