Moyo Huumia Kabla Haujaanza Kuuma



Katika matangazo ya misiba yanayosomwa parokiani kuna neno linalorudiwa mara kwa mara: "ghafla". Mzee alikuwa mzima, jana alikuwa shambani, leo ameanguka ghafla. Tunaobaki tunajifariji kwamba ni mapenzi ya Mungu, na wengine huanza kutafuta mchawi. Lakini mara nyingi ugonjwa wa moyo hauji ghafla. Hufanya kazi yake kimyakimya kwa miaka mingi, na kinachokuja ghafla ni siku ile ya mwisho tu. Katika makala hii tunapenda kueleza jinsi moyo unavyoumia kabla haujaanza kuuma, na mambo tunayoweza kufanya katika kipindi hicho cha ukimya.

Moyo na kazi yake

Moyo ni msuli unaokaribia ukubwa wa ngumi ya mwenye nao. Hudunda takribani mara 100,000 kwa siku, ukisukuma damu mwilini bila likizo. Ndani yake kuna vyumba vinne na vali, yaani milango midogo inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu isirudi ilikotoka. Msuli wenyewe hulishwa kwa mishipa yake maalumu. Hivyo moyo unaweza kuharibika kwa njia mbalimbali: mishipa yake ikiziba, msuli ukichoka, au vali zikiharibika.

Wengi hudhani haya ni maradhi ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 17.9 walifariki kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Zaidi ya robo tatu ya vifo vya namna hii hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Presha, adui asiyebisha hodi

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha, ni chanzo kikubwa cha magonjwa ya moyo. Damu inapopita kwa nguvu nyingi kupita kiasi, kuta za mishipa huumia na mafuta hujishika hapo kidogo kidogo. Siku moja damu huganda mahali penye jeraha na kuziba njia. Ikitokea katika mishipa ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikitokea katika ubongo, ni kiharusi. Moyo nao, kwa kusukuma damu kwa shida kila siku, hunenepa, kisha huchoka.

Mtu anaweza kuishi na presha miaka mingi asihisi chochote. Anayesubiri kichwa kimuume ndipo aende kupima anaweza kuchelewa sana. Vipimo vya siku tofauti vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama mwenyewe anajisikia mzima kabisa.

Koo la kijana

Waseminari wetu wasidhani kwamba haya ni ya wazee tu. Upo ugonjwa wa moyo unaoanzia kooni. Bakteria fulani husababisha maumivu ya koo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, nao huenea kwa urahisi mahali penye msongamano kama mabwenini. Koo lisipotibiwa ipasavyo, baada ya wiki mbili au tatu kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia mwili wenyewe. Kijana hupata homa, na maumivu huhama kutoka goti hadi kifundo, kutoka kifundo hadi kiwiko. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu, na kila homa inaporudi makovu huongezeka.

Kinga yake ni rahisi: koo linapouma pamoja na homa, kijana aende zahanati. Mganga akiona ni bakteria hawa, penisilini hutosha kuwamaliza. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huhitaji sindano kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mseminari anayeficha maumivu ya koo ili asikose mitihani anahatarisha zaidi ya mitihani.

Tufanye nini?

Kwanza, tupime presha walau mara moja kwa mwaka, na sukari pia, kwa kuwa kisukari huharibu mishipa ileile.

Pili, tupunguze chumvi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa chakula. Kopo la chumvi liondoke mezani.

Tatu, tule zaidi mboga za majani, maharage, matunda na dona, na tupunguze vyakula vya kukaanga, nyama za mafuta na soda. Hapa tunawaomba waamini watusaidie. Padre anayezungukia vigango vitatu Jumapili moja hukuta meza tatu zimeandaliwa. Upendo huo tunaupokea kwa shukrani, lakini sahani ya matunda nayo ni upendo.

Nne, tutembee. Dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki zinatosha. Anayelima kwa jembe amekwisha kuzipata. Anayeshinda ofisini na kusafiri kwa gari hana budi kuzitafuta.

Tano, tumbaku tuiache kabisa, na pombe tuipunguze au tuiache.

Sita, aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa sababu amejisikia nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakienea mkononi, mgongoni au kwenye taya, jasho jembamba likitoka na pumzi ikikata, tusisubiri asubuhi. Vivyo hivyo uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikokoteka. Kwa matibabu ya kibingwa tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Lakini safari ya kuulinda moyo huanzia kwenye kipimo cha presha katika zahanati ya jirani.

Sala na dawa

Wapo wanaotupa dawa baada ya kuombewa, wakiona kuzimeza ni kukosa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kinyume chake: mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa maana naye ameumbwa na Bwana. Katekisimu nayo, namba 2288, inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara.

Basi, kila mseminari anayekwenda likizo tunampa kazi moja: awasindikize baba na mama, au babu na bibi, wakapime presha. Ni kazi ya asubuhi moja. Huenda ikaondoa neno "ghafla" katika tangazo moja la msiba.