Mnyoo wa Singa katika Tangi la Maji ya Chumvi: Adui au Msafishaji?

Wahenga walinena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii inaafiki hali ya wengi wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya kioo nyumbani. Samaki afapo usiku, asubuhi mzoga wake hukutwa umezingirwa na minyoo wenye singa, nao papo hapo huhukumiwa kuwa ndio wauaji. Makala haya yanakusudia kubainisha mnyoo huyu ni nani, kwa nini huongezeka na namna ya kumdhibiti.

Mnyoo wa singa ni wa kundi la polikaeta, lenye zaidi ya spishi 10,000. Mwili wake una pingili nyingi, na kila pingili ina vishungi vya singa pande zote mbili. Aghalabu huingia tangini akiwa amejificha ndani ya mawe ya matumbawe. Mchana hujibanza nyufani. Usiku hutoka kula mabaki ya chakula, uchafu na mizoga. Kumkuta juu ya samaki aliyekufa, basi, hakutoshi kuwa ithibati kwamba alimuua.

Hata hivyo, si wote wasio na hatia. Hermodice carunculata, apatikanaye katika Atlantiki na Mediterania, hula matumbawe. Vilevile, mnamo 2009, katika hifadhi moja ya samaki mjini Newquay, Uingereza, matumbawe yalikuwa yakijeruhiwa bila sababu kujulikana. Tangi lilipobomolewa, alipatikana mnyoo mwindaji mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Kwa hivyo, ni sharti mfugaji amtambue mnyoo wake kabla ya kumhukumu.

Kuhusu udhibiti, kanuni kuu ni kwamba wingi wa minyoo hufuata wingi wa chakula. Kwanza, samaki wapewe kiasi wanachoweza kumaliza kwa dakika chache, na mabaki yaliyozama mchangani yafyonzwe kwa mpira. Pili, kichupa chenye matundu madogo na kipande cha kamba kama chambo kitegwe usiku na kutolewa alfajiri. Tatu, maadui wa kiasili, kama vile samaki Pseudocheilinus hexataenia mwenye mistari sita, huweza kupunguza minyoo wadogo.

Yapo pia ya kuepukwa. Mnyoo asishikwe kwa mkono mtupu, kwani singa hukatikia ngozini na kuleta mwasho mkali. Zikichoma, hunasuliwa kwa utepe wa gundi. Wala asikatwe vipande: spishi kama Eurythoe complanata huzaana kwa kukatika, na kipande huweza kukua kuwa mnyoo kamili. Fauka ya hayo, kuwaua wote kwa mkupuo kwa dawa ni hatari kubwa. Maelfu ya mizoga iliyofichika mawenimo huoza, amonia hupanda, na samaki waliokusudiwa kuokolewa ndio wafao.

Kwa kuhitimisha, minyoo wachache ni neema tangini, maadamu husafisha pasipofikika kwa mkono wa binadamu. Wakizidi, mfugaji na akague kwanza kiasi cha chakula anachokitia majini kila siku, ndipo aanze kutega mitego.