Sauti Nne Ndani ya Njia Mbili

Mkanda wa sinema wa milimita 35 ulikuwa na nafasi finyu ya sauti: ukanda mwembamba kando ya picha. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Dolby waliutumia kwa njia mbili za sauti, ilhali walitaka nne: kushoto, kati, kulia, na nyuma ya watazamaji. Mbinu waliyotumia kuzipenyeza zote ndiyo iliyokuja kuingia sebuleni, na sijui matumizi mazuri zaidi ya hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Maneno ya waigizaji, yanayopaswa kutoka katikati, huwekwa sawasawa katika njia zote mbili. Sauti ya nyuma nayo huwekwa kote kuwili, lakini ikiwa imegeuzwa: wimbi likipanda kushoto, kulia linashuka. Tuseme kwa nukta moja ya wakati maneno yana ukubwa wa 5 na ngurumo ya nyuma 2. Njia ya kushoto itabeba 7, ya kulia 3. Zijumlishe upate 10: ngurumo imejifuta, na nusu ya 10 ni yale maneno. Toa 3 katika 7, ubaki na 4: sasa maneno ndiyo yametoweka, na nusu ya 4 ni ngurumo.

Star Wars ya 1977 ilisikika hivyo kwenye majumba ya sinema. Kanda za video za stirio zilipokuja, zilibeba njia zile zile mbili pamoja na kilichofichwa ndani yake, na mwaka 1982 zikatoka dekoda za nyumbani (vifaa vya kuzitenganisha tena sauti hizo) zilizoitwa Dolby Surround. Kabla ya hapo, mwaka 1970, Mmarekani David Hafler alikuwa ameonyesha njia rahisi kupita kiasi: spika ya nyuma iunganishwe kati ya ncha mbili chanya za amplifaya, nayo italia kwa tofauti tu ya kushoto na kulia. (Usijaribu kwenye amplifaya usiyoujua muundo wake, nyingine zitaungua.)

Hata hivyo, milinganyo miwili haiwezi kutoa majibu manne kamili. Maneno ya katikati bado huvuja kwenye spika za kushoto na kulia, yakiwa yamepungua kwa desibeli 3 tu, na sauti za pembeni huvuja nyuma. Tiba ya kwanza ilitoka kwenye sikio lenyewe. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka 1949 kwamba sikio hufuata upande wa sauti iliyotangulia kufika. Basi dekoda huichelewesha sauti ya nyuma kwa takriban milisekunde 20, na kilichovuja hakimfanyi msikilizaji ageuze shingo.

Dekoda ya Dolby Pro Logic ya 1987 ilikwenda mbele zaidi: kila wakati hupima upande gani umetawala, kisha hufuta mavujo kwingineko. Mhandisi Jim Fosgate aliiboresha, na Pro Logic II ya mwaka 2000 ikaweza kuhudumia hata muziki wa stirio ambao haukuwahi kusimbwa kwa mbinu hii. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Mwimbaji husimama katikati, lakini mwangwi wa ukumbi hufika kwenye kila maikrofoni kwa namna yake. Hiyo ni tofauti, na dekoda huipeleka nyuma, ambako hata ukumbini ingetokea. Rekodi ya mono, yaani ya njia moja tu, kama zilivyo nyingi za muziki wa dansi wa zamani, haina tofauti yoyote. Spika za nyuma zitanyamaza, na hilo si hitilafu.

Hitilafu ni pale maneno ya filamu yanapotokea nyuma. Mara nyingi chanzo ni waya wa njia moja uliogeuzwa kabla ya dekoda, kwa hiyo kujumlisha kumegeuka kutoa. Na faili iliyobanwa mno ili ipungue ukubwa huenda imeshaitupa tofauti yenyewe, kwa sababu baadhi ya mbinu za kubana huhifadhi nguvu ya kila upande bila kujali mawimbi yanapandaje na kushukaje. Faili hiyo haina tena cha kusimbua, hata ukiipitisha kwenye dekoda ya bei gani.