Kuku wako, chaza wa baharini na zebaki ya machimboni

Vijana wafugaji wa Singida, wengi wenu mnachanganya chakula cha kuku wenyewe: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na makombe ya chaza yaliyosagwa. Leo tumwangalie huyu chaza, maana ana somo linalogusa mayai yako.

Chaza hahamihami. Anakaa palepale akichuja maji. Maji yakiwa na shaba au zinki nyingi, seli za damu yake humeza metali hizo na kuzifungia ndani. Anaendelea kuishi, lakini mwilini amebeba metali nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kule Cornwall, Uingereza, karibu na migodi ya shaba, chaza waligeuka kijani kabisa.

Yeye anapona, anayemla ndiye anaumia. Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki na kome. Paka walianza kurukaruka na kufa, kisha watu wakaugua. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Sasa turudi nyumbani. Iramba kuna dhahabu ya Sekenke tangu enzi za Mjerumani, na wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Kuku anayedonoa kwenye marudio anameza mchanga, maji na minyoo, na minyoo nayo hulimbikiza metali kama chaza. Zebaki na risasi zikimwingia kuku, zinafika hadi kwenye yai. Kwa macho huoni kitu, yai ni lilelile.

Basi fanya hivi:

1. Usijenge banda karibu na mwalo au karasha. Kama tayari upo hapo, fungia kuku ndani, wasizurure.

2. Usiwanyweshe maji ya mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu.

3. Makombe usiyaache, kuku wa mayai anahitaji kalsiamu kama asilimia 4 ya chakula chake. Ila metali nyingi hukaa kwenye nyama ya chaza, kwa hiyo nunua makombe masafi, makavu, yasiyo na mabaki ya nyama.

4. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ya maji na mayai kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla hujaongeza kuku.

Kuku wa Singida wana jina hadi Dar es Salaam. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko kulipoteza jina hilo sokoni.